Mionzi Ikipita Kwenye Ini: Kinga Inayokufa na Kinga Inayobaki

Neno mionzi likitajwa, mazungumzo hugawanyika upesi. Wako wanaosema mionzi humaliza kinga yote ya mwili, kwamba mgonjwa akishapigwa mionzi hana tena cha kupambana nacho. Wako wanaosema ini hujitengeneza lenyewe, kwa hiyo hata likipigwa litarudi kama lilivyokuwa. Kauli hizi mbili husikika kila habari za ajali ya kinu cha nyuklia zinapotoka, na husikika zaidi pale ndugu anapoambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye ini lake utatibiwa kwa mionzi. Zote mbili huwapotosha watu ambao tayari wamo katika wakati mgumu na wanatakiwa kuamua jambo zito kwa haraka.

Ukweli uko hivi. Ndani ya ini mna seli za kinga za namna mbili: zinazopita na damu, na zinazoishi humo. Mionzi huua kwa wepesi sana zile zinazopita. Zile wakazi, kwa sehemu kubwa, hazifi, bali hubadilika tabia. Madhara mengi ya mionzi kwenye ini, pamoja na baadhi ya faida zake, hutokana na hizi zilizobaki hai. Mtu asipozitenganisha namna hizi mbili, kila anachosikia kuhusu mionzi na ini kitamchanganya.

Mionzi ipi, na kiasi gani

Mionzi ni nishati inayosafiri. Mwanga wa jua ni mionzi, mawimbi ya redio nayo ni mionzi. Inayotuhusu hapa ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu: eksirei, miali ya gama, na chembe zinazorushwa na madini kama urani na thoriamu. Wataalamu huiita mionzi ayonishi. Simu ya mkononi haina nguvu hiyo, wala mitambo ya intaneti isiyotumia waya. Altrasaundi ni sauti tu, tena sauti ambayo sikio haliisikii, na kipimo cha MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Aliyepimwa ini kwa altrasaundi hata mara kumi hajapata mionzi ayonishi hata chembe.

Jambo la pili ni kiasi, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Nishati ambayo tishu imeipokea hupimwa kwa grei, kwa kifupi Gy, ambayo ni sawa na joule moja kwa kila kilo ya tishu. CT-scan moja ya tumbo, yaani picha ya eksirei inayotengenezwa kwa kompyuta, hulipatia ini takriban miligrei 10 hadi 20, yaani sehemu moja au mbili katika mia za grei moja. Tiba ya mionzi dhidi ya saratani huelekeza makumi ya grei kwenye uvimbe. Gy 40 ni mara elfu mbili au zaidi ya kile ambacho CT-scan moja huliachia ini. Kwa hiyo mtu anaposema "mimi nilipigwa mionzi" bila kueleza kama alipigwa picha au alitibiwa, anaweza kuwa anazungumzia mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Karibu yote nitakayoeleza kuhusu seli kufa na kubadilika yanahusu dozi za tiba. Kwenye dozi ndogo za picha, kinachofuatiliwa ni ongezeko dogo la uwezekano wa saratani miaka mingi baadaye. Kinga haivunjiki kwa picha.

Ini ni kiungo cha kinga pia

Shuleni tulifundishwa kwamba ini hutengeneza nyongo, hutunza sukari na kuondoa sumu. Yote ni kweli. Lakini ini pia ni moja ya sehemu za mwili zilizosheheni seli za kinga, na sababu yake ni damu inayopita humo. Kwa mtu mzima aliyepumzika, karibu lita moja na nusu ya damu hupita kwenye ini kila dakika, sawa na takriban robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Karibu robo tatu ya damu hiyo hutoka kwenye utumbo, wengu na kongosho kupitia mshipa mmoja mkubwa. Inayotoka utumbo huja na chakula kilichosagwa, lakini pia huja na vipande vya bakteria, wakati mwingine bakteria wazima.

Ifikirie sehemu hii kama kituo cha ukaguzi kwenye barabara kuu. Wapo wakaguzi wanaoishi pale pale, wanaojua kila aina ya mzigo unaopita, na wapo wasafiri wanaopita kwa wingi na kuendelea na safari yao.

Wakaguzi wakuu ni seli za Kupffer. Ni makrofaji, yaani seli zenye kazi ya kumeza uchafu, na zimejishikiza kwenye kuta za vijia vyembamba vya damu ndani ya ini. Inakadiriwa kwamba asilimia 80 hadi 90 ya makrofaji wote wanaoishi kwenye tishu za mwili wamo ndani ya ini. Asili yake ni tangu mimba ikiwa changa, na katika hali ya kawaida hujizalisha zenyewe bila kusubiri nyongeza kutoka kwenye uboho wa mifupa. Zinaitwa kwa jina la Karl Wilhelm von Kupffer, mwanaanatomia Mjerumani, aliyeeleza mwaka 1876 seli zenye umbo la nyota ndani ya ini. Ilikuja kubainika baadaye, hasa kwa kazi ya Mjapani Kenjiro Wake mwaka 1971, kwamba nyota zile zilikuwa seli za aina nyingine kabisa, zinazotunza vitamini A. Naitaja historia hii kwa sababu seli hizo za nyota zitarudi tutakapofika kwenye makovu.

Wasafiri ni limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu: seli T, seli B na seli asilia za kuua. Baadhi yake zimekita makazi ndani ya ini, lakini nyingi huingia na kutoka na damu.

Kuna tabia moja ya kinga ya ini ambayo lazima ieleweke kabla ya kuendelea. Kinga hii ni ya uvumilivu. Kila siku hukutana na vitu vigeni kutoka utumboni, na kama ingevishambulia vyote, ini lingekuwa limevimba maisha yote. Mwaka 1969 daktari wa upasuaji Mwingereza, Roy Calne, pamoja na wenzake walionyesha kwamba nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe mwingine mara nyingi walilipokea bila dawa za kuzuia kinga, jambo ambalo kwa figo halikuwa la kawaida. Utulivu huo ni wa lazima kwa uhai. Mionzi ikiingia, utulivu huo ndio huvurugika.

Wasafiri hufa

Mionzi ikipita kwenye seli, hukata nyuzi za DNA, ama moja kwa moja au kwa kuvunja molekuli za maji na kuzaa kemikali zinazoishambulia DNA hiyo. Mwaka 1906 Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, walitoa kanuni inayofundishwa hadi leo: seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo hudhurika zaidi. Ndiyo sababu mionzi hutumika kutibu saratani.

Limfosaiti huivunja kanuni hiyo. Nyingi kati yake zimetulia, hazigawanyiki kabisa, na bado ni miongoni mwa seli dhaifu kuliko zote mbele ya mionzi. Dozi ya Gy 1 hadi 2 hutosha kuua karibu nusu ya limfosaiti zilizopigwa. Mara nyingi hazihitaji hata kujaribu kugawanyika ndipo zife. Zikigundua DNA yake imekatika, huanzisha mpango wa ndani wa kujimaliza, na ndani ya saa chache zimekwisha.

Sasa rudi kwenye ile lita moja na nusu kwa dakika. Mgonjwa akilala chini ya mashine kwa dakika kadhaa, damu inayopita kwenye ini wakati huo si ile ile iliyokuwamo mwanzoni. Kiasi kikubwa cha damu ya mwili mzima kinapita pale kwa zamu, na kila limfosaiti inayopita huondoka na kipande chake cha dozi. Kesho yake hali ni hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa mionzi kwenye sehemu ndogo tu ya ini, kisha kipimo cha damu yake yote kikaonyesha limfosaiti zimeshuka. Wengi huona hilo na kudhani mionzi "imesambaa mwilini". Mionzi haikusambaa popote. Damu ndiyo iliyoifuata pale ilipokuwa.

Hili lina uzito katika kupanga matibabu. Tiba iliyogawanywa katika vikao ishirini na tano hukutana na damu mara nyingi zaidi kuliko tiba ya vikao vitatu hadi vitano vyenye dozi kubwa iliyolengwa kwa usahihi, na kwa kawaida ile fupi haishushi limfosaiti sana kama ile ndefu. Wengu, uliojaa limfosaiti na ulio upande wa pili wa tumbo, nao hukwepeshwa kadiri inavyowezekana. Limfosaiti huanza kurudi mionzi ikisimama, ila si kwa kasi ambayo wagonjwa huitarajia: wengine huchukua miezi, na wapo ambao hupita mwaka kabla hazijafikia kiwango cha awali.

Wakazi hubaki, na hawawi kama zamani

Seli za Kupffer huhimili dozi ambazo zingefuta limfosaiti zote zilizo karibu nazo. Hapo ndipo ile kauli ya "kinga yote imekufa" inapoanguka. Lakini kuhimili si kutoguswa. Seli hizi hujikuta katikati ya mabaki ya seli zilizokufa, huku zenyewe zikiwa na majeraha ndani yake, na zile zilizozoea kuvumilia hugeuka kuwa za kutoa tahadhari. Humwaga protini za kuita msaada. Monosaiti, seli nyeupe nyingine za kinga kutoka kwenye damu, huitikia wito, huingia ndani ya ini na kugeuka makrofaji wageni, ambao hawana ule uvumilivu wa wenyeji.

Tahadhari fupi ina faida, kwani husafisha mabaki na kuanzisha ukarabati. Taabu huja isipozimika. Mojawapo ya protini zinazotolewa, iitwayo TGF-beta, huziamsha zile seli za nyota nilizozitaja. Zikiwa zimetulia hutunza vitamini A. Zikiamshwa huiacha kazi hiyo na kuanza kusuka nyuzi ngumu za kolajeni, yaani kovu. Wakati huohuo kuta za vimishipa vidogo vinavyotoa damu nje ya ini huumia na kuziba. Damu inaingia lakini haitoki vizuri, ini linajaa.

Hali hiyo ikiwa kali huitwa ugonjwa wa ini utokanao na mionzi. Kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki mbili na miezi minne baada ya tiba kumalizika, wakati ambao mgonjwa na familia wanadhani hatari imepita. Dalili zake ni uchovu, ini kukua na kuuma upande wa kulia, tumbo kujaa maji. Katika sura yake ya kawaida macho hayageuki manjano, na jambo hili naomba lishikwe vizuri, kwa sababu watu wengi huamini kwamba bila macho ya manjano ini liko salama. Ipo pia sura nyingine, hasa kwa waliokuwa na ugonjwa wa ini tangu mwanzo, ambayo huja na manjano na vimeng'enya vya ini kupanda sana kwenye kipimo cha damu.

Madaktari wanaijua mipaka kwa uzoefu mrefu. Ini zima lenye afya likipigwa karibu Gy 30 kwa dozi ndogondogo za Gy 2, takriban wagonjwa 5 kati ya 100 hupata ugonjwa huo. Lakini sehemu ya ini ikikwepeshwa kabisa, sehemu iliyobaki inaweza kupewa dozi kubwa zaidi, na katika tiba ya vikao vichache kanuni inayofuatwa mara nyingi ni kulinda angalau mililita 700 za ini lisilo na uvimbe. Hapa ndipo wanaosema ini hujitengeneza wana sehemu ya ukweli: sehemu iliyolindwa hukua na kubeba kazi. Ile iliyopigwa sana huwa kovu, na kovu halirudi kuwa ini.

Thorotrast: mionzi iliyomezwa

Kuna mkasa mmoja wa kweli katika historia ya tiba unaoonyesha uzito wa seli hizi wakazi. Kuanzia karibu mwaka 1930 hadi katikati ya miaka ya 1950, wagonjwa wengi Ulaya, Japani na kwingineko walidungwa kwenye mishipa dawa iliyoitwa Thorotrast ili picha zao za eksirei zionekane vizuri. Picha zilitoka safi kweli, na watu hawakuumwa papo hapo. Dawa hiyo ilikuwa vumbi laini mno la thoriamu, madini yanayorusha chembe za alfa.

Seli za Kupffer zilifanya kazi yake: ziliona chembe ngeni kwenye damu, zikazimeza. Zaidi ya nusu ya thoriamu iliyodungwa iliishia kwenye ini, nyingine kwenye wengu na uboho. Haikuwezekana kuitoa. Seli moja ikifa, jirani ilimeza mzigo ule ule. Thoriamu huchukua miaka bilioni 14 nguvu yake kupungua kwa nusu, na chembe zake za alfa husafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo kila punje ya vumbi ilipiga tishu zile zile mchana na usiku kwa maisha yote ya mgonjwa. Miaka ishirini na zaidi baadaye saratani za ini zilianza kujitokeza kwa wingi miongoni mwao, zikiwamo za mishipa ya damu ya ini, ambazo kwa kawaida ni nadra mno. Ufuatiliaji uliofanywa Ujerumani, Denmark, Ureno na Japani uliondoa shaka yote.

Siandiki haya ili mtu aogope kipimo cha leo. Tabia ile ile ya seli za Kupffer hutumika hospitalini kwa usalama: mgonjwa hudungwa chembechembe zenye teknetiamu-99m, seli za Kupffer huzimeza, na kamera huonyesha ni sehemu zipi za ini zinafanya kazi. Teknetiamu hii hupungua nusu kila baada ya saa 6, na siku chache baadaye hakuna kilichobaki cha kuhesabika. Seli ni zile zile na kumeza ni kule kule. Kilichobadilika ni aina ya mionzi na muda inaokaa.

Mionzi inapoamsha kinga

Hadi hapa mionzi imeonekana kama adui mtupu wa kinga. Si hivyo. Seli ya saratani ikipigwa, vipande vya DNA yake huvuja kutoka kwenye kiini, na mwilini DNA nje ya kiini ni ishara ya hatari ambayo kwa kawaida huletwa na virusi. Seli hutoa intaferoni, protini ya kutoa tahadhari, na kinga huja kuangalia. Mwaka 1953 Mwingereza R. H. Mole alipendekeza jina la kitaalamu kwa tukio la mionzi iliyopiga sehemu moja kuleta mabadiliko sehemu nyingine isiyopigwa. Uvimbe wa mbali kusinyaa kwa njia hiyo ni jambo la nadra, na anayekuahidi kwamba litakutokea anakudanganya. Lakini hutokea, na kinga ina mkono wake hapo.

Kwenye ini jambo hili lina sura yake ya pekee. Madaktari walikuwa wameona kwamba wagonjwa ambao saratani yao imesambaa hadi kwenye ini hunufaika kidogo na dawa za kuamsha kinga. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza sababu mojawapo: makrofaji ndani ya ini lenye saratani huvuta seli T kutoka kwenye damu na kuzifanya zife. Wengi wa makrofaji hao walitokana na monosaiti za damu, hawakuwa seli za Kupffer. Walipowapiga panya mionzi kwenye ini, makrofaji hao walipungua, seli T zikabaki hai, na dawa za kinga zikafanya kazi tena. Panya si binadamu, na kwa binadamu swali lingali linachunguzwa kwa majaribio. Ila mimi naona hapo ndipo tumaini la kweli lilipo: kupiga mionzi kwa lengo la kubadilisha nani anakaa ndani ya ini, zaidi ya kuchoma uvimbe peke yake.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Anayetibiwa kwa mashine ya nje hageuki chanzo cha mionzi. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, mkumbatie. Aliyewekewa chembe zenye yitriamu-90 ndani ya ini ni tofauti kidogo: nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku mbili na saa kadhaa, na hospitali itampa masharti ya siku chache.

Vidonge vya iodini hulinda tezi ya shingo dhidi ya iodini ya mionzi. Havilindi ini wala seli zake za kinga.

Jambo linalonisumbua zaidi ni dawa za "kusafisha ini baada ya mionzi". Mionzi ya mashine haiachi kitu cha kusafishwa. Kilichobaki ni seli zilizojeruhiwa, na baadhi ya mitishamba inajulikana kuumiza ini lenye afya, sembuse hili. Anayekunywa chochote cha namna hiyo amwambie daktari wake, bila aibu.

La mwisho linawahusu watu wengi kuliko wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B ya kudumu, wengi bila kujua. Virusi hivi hujificha ndani ya seli za ini, na kinga ndiyo huvizuia visizaliane. Mionzi ikipunguza limfosaiti, na seli zilizopigwa zikatoa ishara kama intaleukini-6, virusi vinaweza kuamka na kulishambulia ini wakati halina nguvu. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza cha mionzi kwenye ini, mgonjwa aulize kama amepimwa homa ya ini B. Ni kipimo cha kawaida cha damu. Akikutwa nayo, zipo dawa za vidonge kama tenofovir na entecavir, na huanzwa kabla ya mionzi na kuendelezwa baada yake, huku damu ikipimwa mara kwa mara katika ile miezi minne ya mwanzo.